Siku nne Hebden Bridge: msitu, majora na suruali ya kodrai

Nimerudi Tanga wiki ya tatu sasa, na kila anayepita barazani kwa baba ananiuliza London niliionaje. London sikufika. Nilishukia Manchester, nikapokelewa na dada yangu anayefanya kazi ya uuguzi Leeds, na siku nne tamu kuliko zote za safari ile zikaishia kwenye bonde moja la miti ambalo kabla ya hapo sikuwahi kulisikia.

Chanzo ni baba, ingawa mwenyewe hajui. Baba ni fundi cherehani hapa Ngamiani tangu mimi sijazaliwa. Siku ya kuaga aliniambia, "Huko ndiko zilikokuwa zikitoka zile suruali za kodrai nzito, kitambaa cha mifereji. Unaivaa miaka kumi, inachakaa magoti tu. Ukiiona, nikumbuke." Dada akaulizia kazini kwake, wakamwambia mji wa suruali ulikuwa Hebden Bridge, kama dakika hamsini kwa treni kutoka Leeds, na ubavuni mwake kuna msitu unaitwa Hardcastle Crags. Nikapanga Alhamisi hadi Jumapili.

Haya nimeyaunga kutoka daftari la mfukoni, risiti na picha za simu. Saa ni za kwetu. Pauni moja nilikuwa naihesabu kwa shilingi 3,300, na nawashauri mkifika kule muache kuhesabu baada ya siku ya pili, vinginevyo hamtakula.

Alhamisi, 9 Mei 2024: Leeds, Halifax, Hebden Bridge

Usiku wa kuamkia safari dada alikuja na simu mkononi: madereva wa treni wa upande ule wamegoma, na siku yao ni kesho. Nikamwambia kwetu basi likikosekana mtu anadandia lori. Akacheka, akanipeleka stendi ya mabasi.

Mgomo ulinifaa. Nauli ya basi mwaka ule ilikuwa imewekewa kikomo cha pauni 2 kwa safari moja, iwe ya vituo viwili au ya mji hadi mji. Dereva, baba mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alinikabidhi tiketi akaniita mpenzi. Nilipigwa na butwaa mpaka aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma kidogo. Ndani ya siku nne niliitwa mpenzi na madereva, wauza chai, mlinzi mmoja na bibi wa miaka themanini. Yorkshire, eneo hilo la kaskazini mwa Uingereza, ndivyo wanavyosema, kama sisi tunavyomwita kila mtu ndugu. Usijibu lolote, sema asante.

Kati ya Leeds na Halifax hakuna la kusimulia. Nilikaa ghorofani kiti cha mbele kabisa, nikasinzia.

Halifax nilishuka kwa nia ya kubadilisha basi tu, lakini saa zilikuwa nyingi, nikafuata kibao cha Piece Hall. Unapita kwenye lango la mawe, halafu ghafla uko katikati ya ua mkubwa uliozungukwa na majengo ya ghorofa yenye nguzo pande zote nne. Lilifunguliwa tarehe 1 Januari 1779 na lina vyumba 315. Kila chumba kilikuwa cha muuzaji wa nguo za sufu zilizofumwa kwa mkono majumbani, huko milimani. Soko lilikuwa Jumamosi tu, saa nne hadi saa sita mchana. Masaa mawili ya kuuza kazi ya wiki nzima.

Nikamuuliza mhudumu mmoja, kijana mwenye fulana ya kazi, kwa nini linaitwa hivyo. Akasema kila mfumaji alileta "kipande" chake, na kipande kilikuwa na urefu wake unaojulikana: yadi thelathini.

Nikamwomba arudie. Yadi thelathini.

Ndugu zangu, hilo ni jora! Jora la kitambaa dukani kwetu, lile lililozungushwa kwenye ubao, kwa hesabu ya wazee ni yadi thelathini. Nimekua nikitumwa kubeba majora begani kutoka kwa Wahindi wa barabara kuu mpaka barazani kwa baba, na sasa nimesimama kwenye ua wa Kiingereza ambao jina lake, kwa Kiswahili cha haki, ni Ukumbi wa Majora. Nikampigia baba pale pale. Mtandao ulikuwa unakatika, nikamsikia anasema tu, "Na upana? Umeuliza upana?" Sikuwa nimeuliza.

Leo vyumba vile ni maduka ya sabuni, vito, kahawa. Kuingia uani ni bure. Nilikula biriani ya kuku kwa Mpakistani karibu na stendi, pauni 8, sahani iliyotosha wawili. Mwenye mkahawa aliponisikia nikisema bismillahi aliongeza bakuli la mtindi na kachumbari bila kulihesabu. Anayetafuta chakula cha halali ale Halifax, Bradford au Leeds kabla ya kuingia bondeni. Huko mbele kunakuwa kugumu kidogo, nitaeleza.

Basi la pili, pauni 2 nyingine, linafuata mto Calder. Bonde linabana kadiri unavyokwenda: mto, mfereji, reli na barabara vinapita bega kwa bega chini, na miti imepanda kuta za pande zote mbili. Katikati ya miti hiyo kuna bomba la moshi la mawe limesimama peke yake, kiwanda chake hakipo tena. Nilihesabu matano, kisha nikaacha.

Hebden Bridge ilinipatia aibu ya kwanza ndani ya nusu saa. Nilikodi chumba kwa mama mmoja, pauni 70 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Namba ya nyumba niliiona, nikabisha, akafungua mzee aliyevaa taulo. Siyo hapa, akasema, akanyoosha kidole juu. Nikatafuta ngazi, hakuna ngazi. Kumbe mlima ni mkali mno hata nyumba zikajengwa mbili kwa moja. Ghorofa mbili za chini ni nyumba ya mtu mwingine, mlango wake mtaa wa chini, na ghorofa mbili za juu ni nyumba nyingine kabisa, mlango wake unatokea mtaa wa juu, upande wa pili. Paa moja, anuani mbili, na majirani wanaweza wasionane mwezi mzima. Nilizunguka na begi langu, dakika kumi za kupanda, mpaka mtaa wa juu. Mwenyeji wangu alikuwa mlangoni anacheka. Yule mzee alishampigia simu.

Kwa atakayekwenda: muulize mwenyeji jina la mtaa unaotokea mlango, namba peke yake haitoshi. Na uchukue begi la mgongoni. Magurudumu kwenye barabara zile za mawe yanang'oka.

Ijumaa, 10 Mei: Hardcastle Crags

Jua lilitoka mapema sana. Mwezi wa tano kule alfajiri inaingia usiku wa manane na magharibi inagota saa tatu za usiku, kwa hiyo anayefuata swala ajipange, usingizi unabaki kidogo. Ijumaa ile nilihesabu ni msafiri, nikaswali adhuhuri yangu msituni.

Kutoka mjini unafuata kijito cha Hebden Water kwa miguu hadi mahali panaitwa Midgehole, kama nusu saa. Wenye magari wanalipia maegesho. Mwenye miguu haingii gharama yoyote.

Msitu ulinipokea kwa pua kabla ya macho. Nilisimama njiani nikanusa, nikanusa tena: kitunguu saumu. Harufu nzito kabisa, kama jikoni siku ya Idi mama anapoanza kukaanga viungo vya pilau. Nikadhani kuna watu wanapika. Hakuna mtu. Ni majani mapana ya kijani yaliyofunika ardhi kando ya maji, yenye vinyota vyeupe vya maua. Ni saumu pori. Nilichuma jani moja nikalitafuna: ni lenyewe, ila jepesi, halikai mdomoni.

Ukipanda juu ya njia, rangi inabadilika. Chini ya mialoni na misonobari kumetandazwa maua ya bluebell, buluu inayoelekea zambarau, kila shina limeinama na vikengele vyake. Wenyeji walisema nimewahi mwisho mwisho, wiki mbili mbele yangekuwa yameisha. Picha zangu zote hazifai kitu, simu ilikataa kuiona ile buluu. Kaeni kwenye njia, yakikanyagwa yanachukua miaka kurudi.

Kitu nilichokaa nacho muda mrefu kuliko maua ni sisimizi. Pembeni mwa njia kuna vichuguu vyeusi vinavyochemka, urefu wa kiuno changu, vimejengwa kwa sindano za msonobari tupu bila udongo. Nilichuchumaa. Kila sisimizi mmoja alikuwa anaburuta sindano ndefu mara tano kuliko yeye, wakigongana, wakipishana, mmoja akaangusha ya kwake, akazunguka, akabeba ya mwenzake. Ni aina ya sisimizi wa misitu ya kaskazini, hawaumi kama siafu, lakini ukiwasogelea wananyanyua matako na kurusha tindikali. Nilinusa mkono wangu: siki.

Karibu na hapo ndipo nilipoanguka. Kuna mawe makubwa ya kuvukia yaliyopangwa katikati ya mto, na mtoto wa miaka sita alikuwa ameyapita akirukaruka mbele yangu. Jiwe la nne lilikuwa na utelezi. Sikuzama, maji ni ya magoti, lakini ni maji ambayo yalikuwa barafu juzi. Mzee na mkewe waliokuwa wakipumzika ng'ambo walinivuta, wakanikalisha, na yule bibi akatoa kwenye mkoba wake soksi za sufu kavu kana kwamba alijua nakuja. Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha themosi. Nilipotaka kuzivua soksi niwarudishie, mzee akakataa: alisema anazo nyingi, mkewe hafumi kitu kingine. Nimerudi nazo Tanga, ambako hazina kazi duniani.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Gibson Mill, na hapa ndipo niliacha kuuona ule msitu kama pori. Ni jengo la mawe la ghorofa kadhaa, mraba, limesimama mtoni kimya na bata mbele yake. Lilijengwa karibu mwaka 1800, kinu cha pamba cha kizazi cha kwanza, kikiendeshwa na gurudumu la maji. Maji ya kijito nilichotumbukia ndiyo yalikuwa injini. Mwaka 1833 walifanya kazi watu 21 humu, kila mmoja wastani wa saa 72 kwa wiki. Piga hesabu: saa kumi na mbili kila siku, siku sita. Nguo za pamba zilitoka hapa mpaka 1890. Baada ya hapo wakaligeuza mahali pa starehe, watu wa mijini wakaja na treni kula, kucheza dansi, kuteleza kwa viatu vya magurudumu na kupiga makasia kwenye bwawa la kinu. Bonde zima wakaliita Uswisi Ndogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili likafa, na mwaka 1950 msitu na kinu vikaingia mikononi mwa National Trust, shirika la hisani linalohifadhi majengo ya kale na misitu.

Pamba haioti Yorkshire. Ilisafiri baharini kutoka mbali, sehemu kubwa kutoka mashamba ya watumwa ya kusini mwa Marekani. Na sisi wa pwani tuna kipande chetu kwenye hadithi hii: ile marekani, kitambaa cheupe ambacho babu zetu walikihesabu kama fedha, ilikuwa inatoka Marekani kweli, ndiyo maana ya jina. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoikata, vitambaa vya Manchester na vya Bombay vikaingia soko la Unguja. Jina likabaki marekani hata kitambaa kilipokuwa cha Mwingereza. Manchester na hapa ni nusu saa na kitu kwa treni.

Leo jumba halijaunganishwa na umeme wa gridi. Maji yale yale yanazungusha mtambo wa kuzalisha umeme, kuna paneli za jua, jiko la kuni, na maji ya kunywa ya chemchemi. Hata vyoo ni vya mbolea, visafi kuliko vya stendi nyingi ninazozijua. Chai na kipande cha keki, pauni 7. Simu haishiki mtandao bondeni, kwa hiyo pakua ramani mapema na uwe na fedha taslimu kidogo.

Nikarudi jioni na soksi za watu.

Saa nne na nusu usiku nikasikia mlango unagongwa. Mwenye nyumba, kavaa koti juu ya nguo za kulalia: "Vaa viatu, upesi!" Nikadhani moto. Akanipakia kwenye gari lake, tukapanda barabara nyembamba hadi juu kabisa ambako miti inaisha na kunabaki nyasi tupu. Palikuwa na magari saba au manane yamezimwa taa, na watu wamesimama kimya wanatazama juu.

Anga lilikuwa la waridi. Mwanzo nilidhani ni taa za mji. Kisha ule uwaridi ukaanza kushuka, mistari kama mtande kwenye kitanda cha mfumi, nyuzi ndefu zilizonyooka kutoka utosini kuelekea pande zote, na kijani kikapita katikati yake kama mshindio. Ilikuwa dhoruba ya jua, kubwa kuliko zote tangu 2003, na nuru za kaskazini ambazo watu hulipia mamilioni kuzifuata Norwei zilikuwa zimeshuka hadi Uingereza. Simu iliziona kali zaidi kuliko macho. Hakuna aliyepiga kelele. Mtoto mmoja tu alimuuliza mama yake kama itauma.

Nikamtumia baba picha. Kwetu ilikuwa imeshapita saa sita usiku lakini akajibu: "Umeswali?" Nikamjibu naam. Akaandika: "Haya."

Jumamosi, 11 Mei: Heptonstall

Chai ya asubuhi. Jana yake nilimweleza mwenye nyumba kwamba sili nguruwe, na akaonekana ana huzuni, maana alikuwa amepanga kunipikia chakula cha bonde lao, mboga pori inayokaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Asubuhi akaileta, ameikaanga kwa siagi, kwenye kikaango kipya ambacho lebo ilikuwa bado imebandikwa mpinini. Alienda kukinunua. Sikujua niseme nini, nikala.

Ni majani ya mmea unaoota mabondeni, yanachanganywa na yale majani yanayowasha kama upupu, vitunguu na unga wa oti, yanachemshwa mpaka yawe uji mzito wa kijani unaokaribia weusi, kisha yanakaangwa vipande. Ukiangalia utasema kinyesi cha ng'ombe. Ukionja utasema kisamvu kilichosahau nazi. Kijiji cha jirani, Mytholmroyd, kimekuwa kikiandaa mashindano ya dunia ya kukipika tangu 1971. Nilimwambia kwetu tungetia karanga. Aliandika kwenye karatasi.

Dada na mpwa wangu wa miaka tisa wakafika kwa treni, ya kwanza ikiwa imefutwa na ya pili imejaa. Hawakuja Alhamisi kwa sababu ya shule. Kule ukimtoa mtoto darasani kwenda kutembea unapigwa faini. "Shikamoo mjomba," akasema kwa lafudhi ya Yorkshire iliyonichekesha mpaka akanuna.

Heptonstall ni kijiji kilicho juu ya mji, na njia ya zamani ya kupandia, the Buttress, ni mawe yaliyosimama karibu wima. Dada alisimama mara sita. Mpwa alipanda, akashuka kutucheka, akapanda tena. Kabla ya vinu kushuka chini kufuata maji, maisha yalikuwa huku juu, na nyumba zenyewe zinasema: ghorofa ya juu ina madirisha yaliyopangana mstari mmoja, sita, saba, manane. Kitanda cha mfumi kilikaa hapo, na mfumaji alihitaji kila chembe ya mwanga. Baba naye cherehani yake ameiweka barazani, mlangoni, kwa sababu hiyo hiyo. Majora yaliyoteremshwa Halifax yalikuwa yanatoka majumba ya namna hii, mgongoni mwa farasi.

Kwenye ua mmoja wa kijiji kuna makanisa mawili. La zamani liliharibiwa na dhoruba mwaka 1847, wakajenga jipya kando yake na gofu wakaliacha bila paa, sakafu yake yote mawe ya makaburi. Dada hakutaka kuyakanyaga, nami pia, tukawa tunapita kwa kuruka kama watoto wa kombolela. Lililomvutia mpwa ni kaburi la David Hartley, waliyemwita Mfalme. Yeye na wenzake walikuwa wakikata kingo za sarafu za dhahabu kidogo kidogo, kingo wakazisugua zionekane nzima, na vile vipande wakaviyeyusha kutengeneza sarafu bandia za Kireno. Mkaguzi wa serikali aliyewafuatilia aliuawa Novemba 1769 na Hartley akanyongwa York Aprili 1770. Watu huacha sarafu juu ya kaburi lake. Mpwa akaacha senti moja, kisha akaniomba nimrudishie.

Sasa lile la chakula. Tuliposhuka tulikuwa na njaa ya hatari, na duka la samaki na chipsi lilikuwa mbele yetu, harufu imejaa mtaa. Dada akanishika mkono: uliza mafuta kwanza. Yorkshire chipsi kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, wanajivunia jambo hilo, na ng'ombe huyo hakuchinjwa kwa bismillahi. Muuzaji alijibu kwa ukarimu kabisa kwamba ndiyo, ni ya ng'ombe, ndiyo maana ni tamu. Akatuelekeza duka jingine la mafuta ya alizeti, na akatoka hadi mlangoni kutuonyesha kona, ameacha foleni yake. Kila mtakapokula waulizeni, hawaudhiki.

Mchana tukatembea mjini. Uwanjani pamesimama sanamu kubwa ya kisu cha mtindo wa ajabu, chembamba, ambacho pia ni saa ya jua. Ni kisu cha kukatia nyuzi za fustiani, kile kitambaa kizito cha pamba ambacho ukikikata vishada vyake ndipo unapata kodrai. Mkono wa mtu ulikuwa unapita mfereji mmoja mmoja kwa urefu wa jora zima, ukikosea umetoboa. Mji huu uliitwa Mji wa Suruali. Na mji huu nao uligoma: wafumaji wake walisimamisha kazi kuanzia 1906 hadi 1908, nikaona siku moja bila treni si kitu.

Kodrai yenyewe kwenye jora? Hakuna. Vinu vimekuwa nyumba za kuishi na ofisi. Kuna mahali wanashona suruali bado, za kitambaa kizito, nzuri. Niligeuza kibandiko cha bei nikairudisha kwenye kitundikio kwa adabu. Nikaingia duka la mitumba la hisani pembeni, na hapo, katikati ya makoti, nikaikuta: kodrai ya kahawia, nzito, mifereji mipana, magoti mazima. Pauni 6. Bibi wa kaunta aliikunja kwa karatasi laini kama zawadi ya harusi.

Jumapili, 12 Mei: Stoodley Pike na kurudi

Joto la ajabu, Waingereza wote nje na mabega mekundu. Tulipanda Stoodley Pike, mnara wa mawe wa mita 37 juu ya mlima, tukapitia kando ya mfereji ambako watu wanaishi ndani ya boti nyembamba zenye masufuria ya maua juu ya paa. Mnara wa kwanza ulijengwa kusherehekea kushindwa kwa Napoleon, ukaanguka 1854, huu ukamalizika 1856. Ndani kuna ngazi 39 za kuzunguka, giza totoro katikati. Washeni taa ya simu. Kutoka kibarazani bonde lote linaonekana, na kitu kilichonishangaza ni jinsi miti ilivyo michache kule juu. Ni nyasi kavu tu hadi upeo wa macho. Msitu wote umejificha kwenye mipasuko ya vijito, hauonekani mpaka uuangukie.

Chini, kwenye ukuta wa duka moja, mpwa alinionyesha alama ya mafuriko ya tarehe 26 Desemba 2015. Ilimpita kichwa.

Treni ya jioni ilichelewa dakika arobaini bila tangazo, kisha ikaja na mabehewa mawili kwa watu wa mabehewa matano. Tulisimama hadi Bradford. Jumla yangu ya siku nne, chumba usiku tatu, mabasi, chakula, treni na suruali: pauni 289. Chumba ndicho kilichokula. Mkiwa wawili mtagawana.

Tanga

Baba aliipokea kodrai barazani mbele ya wateja. Hakuivaa. Aliigeuza ndani nje, akapitisha ukucha kwenye mifereji, akachomoa uzi mmoja kwenye pindo na kuuchoma kwa kiberiti, akanusa moshi. "Pamba," akasema, na wazee wakaitikia. Nikawasimulia ukumbi wa majora, kisu, kinu, saa 72. Alisikiliza huku akitafuta lebo kiunoni, akaisogeza mbali na macho ili aisome, kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo umepanda ndege," akasema, "ukaenda mpaka Ulaya kuniletea mtumba."